Amri, Haki na Dhamiri Umwerani

Amri huwa sheria kwa sababu tu imetoka kwa mwenye nguvu? Thomas Aquinas, mtawa wa Italia aliyefariki mwaka 1274, alikataa. Sheria, alifundisha, hulenga manufaa ya wote; mzigo uliogawanywa bila haki ni ujeuri na haufungi dhamiri, ingawa mtu anaweza kuutii ili kuepusha fujo.

Swali hilo liliwafika Wamwera wa Naipingo na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania. Kwa desturi yao ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana kauli juu ya wapwa zake. Mamlaka hayo yalitoka katika udugu, kwa hiyo mwenye nayo aliweza kuulizwa. Wajerumani walipoitawala nchi, walileta mamlaka ya namna nyingine: kodi ya nyumba na maakida, yaani maofisa wao wa vijijini. Akida aliwajibika kwa bwana wa boma, yaani makao ya serikali, si kwa waliotozwa. Mwaka 1905 Wamwera waliingia Vita vya Maji Maji, uasi dhidi ya utawala huo. Makumi ya maelfu ya watu wa kusini walikufa, wengi kwa njaa, baada ya majeshi ya serikali kuchoma mashamba na maghala. Kwa kipimo cha Aquinas, utawala ulioshibisha boma kwa kuwafukarisha raia haukuwa na sheria ya kuvunjwa.