Chupa za Morandi

Giorgio Morandi, mchoraji wa Bologna nchini Italia, aliyezaliwa mwaka 1890 na kufariki mwaka 1964, alitumia sehemu kubwa ya umri wake katika chumba kimoja cha kulala na kufanyia kazi, nyumbani alimoishi na umbu zake watatu, akizipanga na kuzipangua chupa na mabuli yale yale. Na baadhi ya chupa hizo alizipaka rangi kwanza, ili mng'ao wa kioo usimshughulishe, kisha akaliacha vumbi litande juu yake.

Yuko atakayeuliza, wala si bila ya haki, kama yafaa mtu mwenye akili kuutoa umri wake kwa vyombo vya mezani, ilhali ulimwengu wa zama zake uliungua kwa vita viwili vikuu. Nami naona kwamba chombo kilichovuliwa jina na manufaa, kisichouzwa wala kunywewa, hubakiwa na jambo moja tu, nalo ni kule kuwapo kwake, ambako wanafalsafa hukujadili kwa majalada, na yeye akakuthibitisha kwa rangi ya majivu na kivuli chembamba. (Sikatai kuwa picha zake hufanana hata zikachosha.) Asiyesadiki na akiweke kikombe kitupu dirishani, akitazame tangu asubuhi hadi alasiri, ndipo anihukumu.