Mafuriko, Kudra na Redio Iliyolowa

Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, uliingia kwenye makazi ya mji wa Kilosa na kuharibu Reli ya Kati. Kwa watu wa kata ya Magomeni mjini humo na kata jirani, swali ni la kweli: je, redio au simu iliyozama imeharibiwa na kudra ya Mungu? Ushahidi wa ufundi unatutaka tupambanue. Maji peke yake si muuaji mkuu wa saketi. Kinachoila zaidi ni umeme unaopita kwenye maji yenye chumvi na tope: shaba huliwa, kutu huota, na njia zisizopaswa kukutana hukutana. Anayetoa betri mapema, akaosha tope kwa maji safi, akasugua kwa spiriti na kukausha kabisa, huenda akakiokoa chombo. Anayewasha kwa pupa hukimaliza mwenyewe.

Yupo atakayesema hoja hii inampunguzia Mungu enzi yake. La hasha: aliyeleta mvua ndiye aliyetupa akili, na kuitumia ni sehemu ya kumtegemea. Mwingine atasema tunamlaumu aliyefikwa. Hapana, aliyekuwa akiokoa watoto hadaiwi redio. Wajibu huanzia pale uwezo unapoanzia, na baadhi yake ni wa jamii nzima, kama kutunza tuta la mto. Basi tumwachie Mungu yaliyo nje ya uwezo wetu, wala tusiuite uzembe wetu kudra.