Nani Atafungua Tena?

Injini ya pikipiki ikishafungwa, anayejua kilichofanyika ndani ni aliyeifunga tu. Jambo hili hunifanya niwafikirie sana mafundi wa bodaboda wa Itetemia, pembeni ya mji wa Tabora. Sehemu kubwa ya kazi yao mteja haioni, na hata akiiona hajui anatazama nini. Fundi wa namna hiyo akidanganya, na ikawa hakika kwamba hatagundulika, amepoteza nini?

Tuchukue kazi moja: kusafisha masizi kwenye valvu ya kuingiza. Valvu hiyo ni kijisahani cha chuma chenye shina. Hufunguka ili mchanganyiko wa hewa na petroli uingie kwenye silinda, kisha hufunga ili uchomwe. Kwenye pikipiki yenye kabureta, petroli huosha mgongo wa valvu kila inapopita, kwa hiyo ukikuta gamba jeusi pale, jua kuna sababu. Mara nyingi ni oili. Sili ndogo ya mpira kwenye shina imechoka, oili inateremka tone kwa tone, inaungua na kuganda. Injini ikiwa baridi, gamba hilo hunyonya petroli kama sifongo, na pikipiki inasumbua kuwaka asubuhi. Likifika ukingoni, valvu haikai vizuri kwenye kiti chake, kompresheni inavuja, na mlima mdogo unakuwa mkubwa.

Kuna njia mbili za kumwambia mteja "nimesafisha". Ya kwanza ni kushusha silinda hedi, kubana springi, kutoa valvu, kuiloweka, kukwangua gamba kwa mti au brashi laini ya shaba ili ukingo usichubuke, kuisaga kwa dawa mpaka ikae kwenye kiti chake, kisha kufunga na kupima nafasi ya valvu kwa sehemu za mia za milimita. Hiyo ni nusu siku. Njia ya pili ni kupuliza dawa kwenye kabureta huku injini inanguruma. Moshi mweusi unatoka, mteja anatikisa kichwa kwa kuridhika, na baada ya dakika kumi amelipa.

Jibu la kwanza tulilofundishwa ni kwamba udanganyifu haulipi, kwa sababu mteja atajua na hatarudi. Hapa jibu hilo halina nguvu. Masizi hujengeka kwa miezi. Pikipiki ikianza kusumbua tena, lawama zitakwenda kwenye mafuta, vumbi au uzee wa injini. Jibu la pili ni kwamba Mungu anaona. Sina ugomvi nalo, lakini linatuambia nani anatazama tu. Bado hatujajua kilichoharibika ni nini.

Nchi yetu imewahi kukutana na swali hili kwenye mafuta yenyewe. Kwa kuwa kodi ya mafuta ya taa ilikuwa ndogo, wapo waliokuwa wakiyachanganya na dizeli na petroli. Neno "kuchakachua" likaenea hadi kwenye kura. Mwaka 2010 EWURA ilianza mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Dawa hiyo ilikuwa na akili, lakini bei yake ililipwa pia na bibi wa kijijini aliyekuwa akiwasha koroboi na hakuwahi kumchanganyia mtu chochote. Ulaghai una tabia hiyo: ukishazoeleka, hata wasiohusika wanatozwa.

Kazi ya mikono haiwekwi vinasaba. Hata hivyo, nadhani aliyepuliza moshi tu amepoteza kitu leo leo, kabla ya mteja kurudi na kabla ya siku ya hukumu. Amepoteza ujuzi wa kujua. Fundi aliyesafisha kweli, pikipiki ikiendelea kusumbua, anaweza kusema: si valvu, tutafute kwingine. Aliyepuliza hawezi. Uongo aliompa mteja umeingia kwenye hesabu yake mwenyewe. Baada ya miaka kumi mmoja atakuwa na uzoefu wa miaka kumi, na mwingine atakuwa na miaka kumi ya kubahatisha.

Lakini si haki kumbebesha fundi mzigo wote. Dereva wa bodaboda ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki kila jioni. Akiambiwa sili imekufa, husema, "Fundi, nisaidie, safisha tu, sili tutabadilisha siku nyingine." Fundi anajua kwamba bila sili mpya gamba litarudi. Akikataa, kijana analala bila hesabu. Akikubali kimya, amemuuzia kazi ya muda kwa jina la kazi iliyokwisha.

Njia ya mapagazi ilipita nchi hii hii. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, mwendo wa kilomita zaidi ya 800, kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee. Kurudi walibeba mitumba ya vitambaa iliyofungwa na wengine. Porini tajiri hakuweza kumtazama kila mtu. Biashara ilisimama juu ya uaminifu, lakini uaminifu huo ulikuwa na masharti: posho isipotoka au mzigo ukizidi, wapagazi walitua mizigo chini, na wengine walitoroka. Hawakuamini kwamba mwaminifu lazima apunjwe. Leo tukitaka kazi ya nusu siku kwa bei ya dakika kumi, sisi ndio tunaoagiza moshi mweusi.

Ipo desturi ya mafundi wazuri ninayoiona kuwa na jibu ndani yake. Valvu ikisharudishwa, na hedi bado iko mezani, wanamimina petroli kwenye tundu la kuingizia na kusubiri. Ikipenya ukingoni, kazi bado. Mteja anaitwa atazame: "Mwanangu, ona, haivuji. Lakini ona na sili hii, imekwisha. Nimekusafishia, ila itarudi." Hapo dereva anaweza kuchagua, kwa sababu anajua anachochagua. Atabadilisha sili wiki ijayo au hatabadilisha, lakini hakuna aliyemchagulia kwa kumficha.

Anaweza kuuliza mtu: kama kazi imeonyeshwa, wema wa kufanya bila kuonwa uko wapi? Uko palepale kwenye kuonyesha. Giza la injini lilikuwa faida ya fundi, naye akaligawa. Walaghai wengi hawana nguvu nyingine kutushinda zaidi ya hiyo, ya kujua ndani kuna nini wakati sisi hatujui. Kwa hiyo ukimpelekea fundi pikipiki, mlipe nusu siku yake, vuta kigoda, na kabla hajafunga mwombe amimine petroli.