Injinia Anadaiwa Lugha Gani?

Siku hizi ukimaliza uhandisi wa ujenzi, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: jifunze Kichina. Na si ushauri mbaya. Barabara kuu ya Thika, iliyozinduliwa 2012, ilijengwa na kampuni tatu za Kichina. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria 2017, pia ni kazi ya Wachina. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius tangu 2005. Jamaa mmoja tuliyesoma naye alienda masomo ya jioni, na leo yeye ndiye anaketi kwenye mikutano ya mradi huku wasee wengine wa darasa letu wakishika vipimo juani. Simwonei wivu. Lugha ni mkate.

Lakini mimi kazi imenileta Matuu, kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, na hapa swali limebadilika. Lugha ya kigeni ni ipi hasa? Kwa mtoto wa Umoja kama mimi, aliyekua na Sheng, Kikamba ni kigeni sawa tu na Kichina. Tofauti ni kwamba hakuna mtu anakiandika kwenye CV.

Angalia mikataba yetu. Masharti ya FIDIC, toleo la 1999, yanataka lugha ya mawasiliano itajwe, kisha yanadai wasimamizi wa kutosha wanaoijua lugha hiyo. Ni haki. Mwenye pesa lazima aelewane na mwanakandarasi. Lakini mama anayevuka korongo na punda wake akitafuta maji hajatia sahihi mkataba wowote. Kumhusu yeye, kuna kanuni za mwaka 2003 za tathmini ya athari kwa mazingira. Zinataka mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, na tangazo la redio kwa lugha rasmi na za wenyeji. Kwa hivyo sheria yenyewe inakubali kwamba hapa kuna deni. Tatizo ni kwamba sheria inaweza kukulazimisha uite mkutano. Kusikia, haiwezi.

Niliwahi kuketi nyuma kwenye baraza moja kuhusu kalvati. Susu mmoja akasimama, akaongea Kikamba kama dakika tano, akionyesha kwa mkono. Mkalimani akasema: "Anauliza kuhusu mvua." Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Kijana aliyekuwa kando yangu akaninong'onezea maana yote: korongo lile huhama. Mvua ikizidi, maji huacha njia hii na kurudi ile ya zamani, nyuma ya boma lake. Baadaye tulimwomba atupeleke. Mkondo ulikuwepo, umejaa miiba. Kwenye ramani haukuwepo.

Utaniambia hesabu ni lugha moja dunia nzima, na kwa mengine ajiriwe mkalimani mambo yaishe. Siku hiyo mkalimani alikuwepo. Hakudanganya. Hakujua tu ni neno gani limebeba mzigo. Hilo hulijua mtu wa kazi, akiwa na masikio ya kulipata.

Kuna hoja nzito zaidi, na iko hapahapa Yatta. Mfereji wa Yatta, unaotoa maji Mto Thika, ulichimbwa miaka ya 1950 kwa nguvu za wafungwa wa wakati wa Mau Mau. Hakuna aliyewauliza maoni yao kwa lugha yoyote. Na maji yakapita. Watu wamemwagilia mashamba kwayo miaka yote hii. Basi hatuwezi kusema kazi ya injinia husimama ikikosa mazungumzo. Zege hukauka hata bila heshima.

Hapo ndipo naona kwamba faida si kipimo cha kutosha. Kichina kinapimwa kwa mshahara, na hakuna ubaya. Lugha ya wenyeji ina kipimo kingine: je, yule atakayebaki na kazi yangu alikuwa na nafasi ya kunikataza? Kama hakuwa nayo, basi hata daraja zuri nimemjengea kama mtu anayeamriwa, na likibomoka atakuwa wa kwanza kuumia na wa mwisho kuulizwa.

Na mjengo haujawahi kuwa wa lugha moja. Karai tumelipata kwa Wahindi, na mhandisi kwa Waarabu. Siku hizi nawauliza vibarua maneno. Salamu nilishazijua. Nataka neno la udongo unaovimba ukinyeshewa, neno la ufa, neno la maji yanayokuja ghafla. Nikipata pesa nitalipia Kichina pia, sitajifanya. Ila ukiniuliza ni lugha gani injinia analazimika kuijua, nitakuambia ni ya yule atakayelala kando ya kazi yake usiku wa mvua, wakati injinia ameshahamia saiti nyingine.