Pembe za Shamba

Kati ya mwaka 1892 na 1954, wahamiaji zaidi ya milioni 12 walipitia kisiwa cha Ellis, New York, wakitafuta maisha mapya Marekani. Swali lao lilikuwa lile lile la Ruthu Mmoabi alipofika Bethlehemu: je, ipo nafasi yangu hapa?

Soma Mambo ya Walawi 19:9, 10 na Ruthu 2:2-17. Ruthu alifanya kazi tangu asubuhi hata jioni. Lakini bidii yake ingefaa nini kama Boazi angevuna shamba lote? Mungu hakuwaachia wenyeji jambo hili liwe hisani. Alilifanya kuwa sheria.

Je, katika kazi, biashara au kanisa lako, ni pembe gani umemwachia mgeni? Imekugharimu nini?