Je, Ni Subira au Ni Kunyamazishwa?

Katika darasa letu la baada ya Isha tumeletewa suala ambalo halikutoka vitabuni, bali limetoka njiani. Mama mmoja, jirani wa mmoja wetu, mwaka 2021 alitumbukia usiku katika mtaro wa barabara ulioachwa bila kifuniko, akavunjika mguu. Mtaro huo ni wa watawala wa mji. Alilazwa hospitali, kisha akakaa miezi kwa nduguye akijikongoja kwa magongo. Alipopata nguvu akawaandikia barua wenye mtaro; akajibiwa kwa adabu kwamba jambo lake latazamwa, na angoje. Akangoja. Alipofika kwa wakili akaambiwa mwaka umepita na mlango umefungwa. Wazee wakamliwaza: ni amri ya Mungu, asubiri. Suala ni hili: je, hiyo ndiyo subira, au ni kitu kingine kilichovishwa kanzu yake?

Kwanza yatupasa tuijue sheria yenyewe, kwani wengi wetu hatuijui mpaka siku iliyotufika. Hapa Kenya mtu akiumizwa kwa uzembe wa mwenye gari au mwenye duka, ana miaka 3 ya kumshitaki. Lakini aliyemuumiza akiwa ni Serikali au baraza la mji, Sura ya 39 ya sheria zetu yampa miezi 12 tu. Mabaraza yale yaliondoka mwaka 2013, kaunti zikashika kazi zao, na mwenye hadhari huhesabu muda ule mfupi hata anapoidai kaunti. Tena Sura ya 40 yamtaka anayeishitaki Serikali atoe kwanza ilani ya maandishi, kisha angoje siku 30. Ndani ya ilani hiyo aeleze habari ilivyokuwa, na siku yake, na idara iliyohusika, na jina kamili la mtumishi yeyote anayekusudia kumshitaki pamoja nayo. Ni nani amjuaye kwa jina lake kamili mtu aliyeacha mtaro wazi?

Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Nairobi, katika kesi ya kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Service, iliamua kwamba kuifanya ilani hiyo sharti lisiloepukika kwapingana na kifungu cha 48 cha Katiba ya 2010, kinachompa kila mtu njia ya kuifikia haki. Hata hivyo mawakili hutanguliza barua ya madai, nao wafanya vyema. Kwa jirani zetu wa Tanzania kungoja ni kurefu zaidi: siku 90.

Hatusemi kwamba kungoja huko hakuna maana. Watu wawili waliohitilafiana yafaa wazungumze kabla ya kwenda kortini, na huenda baraza likaona kosa lake likalipa bila ya gharama za mawakili. Hilo ni jema. Lakini tazama, ewe msomaji, mambo haya mawili yakiwekwa pamoja. Mkono mmoja wa sheria wamwambia aliyeumia, ngoja. Na mkono wa pili wamwambia, fanya haraka. Miezi 12 yaanza kuhesabiwa siku ya kuumia, wala si siku ya kutoka hospitali. Mkorofi aliyekwenda kwa wakili akiwa bado na plasta mguuni, haki yake imesalimika. Na mpole aliyeamini neno la karani, haki yake imepotea. Na mwenye kusema "ngoja" ni yule yule ambaye kila siku ipitayo ni faida yake.

Husemwa kwamba maofisa huhamishwa, majalada hupotea, na fedha za umma hupangwa mwaka kwa mwaka. Ni kweli, lakini mwenye basi naye hupoteza makaratasi yake, na dereva wake huacha kazi, naye hana ila miaka 3 kama wengine. Uingereza, ambako fikira hii ilitungiwa sheria mwaka 1893 kwa muda wa miezi 6, wakaufanya mwaka mmoja 1939, kisha mwaka 1954 wakaiondoa kabisa. Sisi tumelihifadhi vazi ambalo mwenyewe amekwisha kulitupa.

Wengine hutuambia kwamba fedha za baraza ni za zahanati na za watoto wa shule, basi kuzidai ni kuwapokonya wanyonge. Hoja hii ina uzito, wala hatuicheki. Lakini mguu umekwisha vunjika, na gharama imekwisha kuwako. Baraza lisipolipa, mama yule ailipa peke yake, na mtaro ulikuwa wa kutumiwa na mji mzima.

Ama hiyo subira, twaona watu wameichanganya na kusamehe. Kusamehe ni kwa aliye na uwezo wa kudai. Aliyefungiwa mlango hakusamehe kitu. Amenyang'anywa hata nafasi ya kusamehe. Katika Majalla, sheria zilizokusanywa katika dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, kadhi haruhusiwi kusikiliza madai mengi yaliyoachwa miaka 15 bila udhuru. Lakini Majalla yenyewe yasema kwamba haki haianguki kwa kupitiwa na wakati, na mdaiwa akikiri huhukumiwa alipe. Kinachokoma ni kusikilizwa kortini. Deni li pale pale shingoni. Basi ofisa ajuaye kuwa mtaro ulikuwa wazi, na akaandika "muda umekwisha" kana kwamba ameandika "hatukukosa", amesema mambo mawili yasiyo sawa.

Kwa aliyeumia leo twasema: usiingojee nguvu irudi. Mtume mwanao apige picha ya pale mahali siku ile ile, chukua waraka wa daktari na wa polisi, andika majina ya walioona, upeleke barua na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Ukiambiwa "jambo lako latazamwa", hesabu miezi.

Mama yule tumemsaidia kuandika barua ya pili, ambayo haimshitaki mtu, kwani hawezi tena. Yawauliza wenye mtaro swali moja tu: wanakiri au hawakiri. Ilipelekwa kwa mkono, na jibu bado.