Mvua Ilinyesha kwa Sababu Gani?

Hadithi fupi ya Grace Ogot, "The Rain Came", ina swali ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Nchi imekauka, ng'ombe wanakufa, na mganga Ndithi ameoteshwa kwamba mvua haitashuka mpaka Oganda, binti pekee wa chifu Labong'o, apelekwe ziwani akaliwe na dubwana. Binti anaagwa kwa nyimbo, anatembea peke yake, anafika ukingoni mwa maji. Hapo Osinda, mpenzi wake aliyemfuata kwa siri, anamnyakua na kumvika vazi la majani ili macho ya wahenga na ya dubwana yasimwone. Wanatoroka. Dubwana halikula mtu, kafara haikutimia, na mvua inamwagika kwa kishindo.

Sasa ilinyesha kwa nini?

Jibu la darasani ni kwamba mwandishi anaumbua ushirikina: mvua ingenyesha tu, binti afe asife. Sijaridhika nalo. Anayetaka kuumbua mila hachagui kuleta mvua saa ileile binti anapofika ziwani. Angeiacha ije wiki moja kabla, au isije kabisa. Jibu la pili ni la kanisani, na Ogot alikuwa Mkristo: wahenga walipokea nia, kama Mungu alivyopokea nia ya Ibrahimu. Lakini Ibrahimu alipewa kondoo wa kuchinja badala ya mwana. Wagiriki nao, katika baadhi ya masimulizi yao ya binti wa Agamemnoni aliyepelekwa kuchinjwa, walileta paa. Oganda hana mbadala. Deni limebaki halijalipwa, na bidhaa imeshaletwa mlangoni.

Nadhani Ogot aliacha pengo hilo wazi kwa makusudi, na humo ndimo anamokaa kama mmoja wa waandishi wa kwanza wa hadithi za ajabu katika nchi hii. Alizaliwa Asembo mwaka 1930, mwambao wa Ziwa Viktoria ndani ya Siaya ya leo, nchini Kenya, akalelewa kwa hadithi za nyanya yake. Akasomea uuguzi Mengo, Uganda, kisha Uingereza. Akafanya kazi BBC mjini London na hospitali ya Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu. Hadithi ya Oganda ilitoka mwaka 1963 katika jarida la Black Orpheus, ikiitwa "The Year of Sacrifice". Riwaya yake The Promised Land ilifuata mwaka 1966, na mkusanyiko wa Land Without Thunder mwaka 1968. Ubunge na unaibu waziri vilikuja baadaye. Si sehemu inayonishughulisha hapa. Alifariki Machi 2015.

Aliwahi kusimulia kwamba alipopeleka hadithi zake za mwanzo kwa wachapishaji wa enzi ya mkoloni, walimshangaa: inakuwaje mama Mkristo aandike habari za kafara na dawa za kienyeji? Mshangao ule una falsafa nzima ndani yake. Unachukulia kwamba ajabu ni mabaki, kitu ambacho elimu ikiingia chenyewe hutoka, na kwamba mtu aliyeshika bomba la sindano hana tena haki ya kuandika juu ya dubwana isipokuwa kwa kucheka.

Tumweke Ogot kando ya H. P. Lovecraft, Mmarekani aliyefariki mwaka 1937, mtunzi wa mashairi na wa hadithi za kutisha zilizochapwa katika jarida la Weird Tales. Kwa Lovecraft hofu hutoka nje. Kuna viumbe wa kale, wakubwa kupita fikra, nao hawamjui binadamu wala hawamjali. Anayewatambua hupata wazimu kwa kugundua kwamba yeye si kitu. (Hofu yake ya wageni wa kawaida kabisa, waliokuwa majirani zake mjini New York, ni aibu ya peke yake.) Dubwana la Ogot limekaa upande wa pili kabisa. Linamjua Oganda kwa ukoo. Limeagizwa, limetajwa ndotoni, lina ahadi na baba yake. Kinachotisha katika safari ya binti yule ni jinsi kila mtu anavyomjua.

Kuna kipande kimoja kinachoonyesha hili kuliko vingine vyote. Njiani Oganda anakutana na mtoto mdogo. Mtoto hatoroki wala halii. Anamwomba ampelekee dada yake hereni. Dada amefariki wiki iliyopita na ameisahau nyumbani. Oganda anaipokea, na badala yake anampa mtoto yule akiba yake ya maji na chakula, kwa kuwa yeye hataihitaji tena. Basi. Hakuna radi wala sauti kutoka kaburini. Kifo kimekuwa safari ya kwenda mtaa wa pili, na anayekwenda huko hutumwa vitu kama abiria yeyote. Ningeulizwa ajabu ni nini, ningekitaja kipande hiki kabla ya dubwana: ni pale mpaka ambao ulidhani ni ukuta unapovukwa kwa adabu, na wewe ndiye unayeshtuka.

Kuhusu swali letu la sababu, mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya jamii ya Wazande, alieleza habari ya ghala la nafaka linaloanguka na kujeruhi watu waliojipumzisha kivulini. Wazande walijua fika kwamba mchwa ndio waliokula nguzo. Walichouliza ni kingine: mbona lilianguka saa ile, juu ya watu wale? Swali la kwanza lina jibu la fundi. La pili halina fundi, na ndilo linalomkosesha mwathirika usingizi.

Mwambao wetu umejaa maswali ya aina hii ya pili. Karibu na Kendu Bay kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la maji ya magadi. Mtaalamu wa miamba atakwambia ni kasoko ya volkano, na ni kweli. Wenyeji watakwambia palikuwa na kijiji, kikongwe akaja usiku wa sherehe, akafukuzwa, mama mmoja tu akampokea. Mvua ikashuka na kijiji kikazama na ngoma zake. Ogot mwenyewe aliiandika hadithi hiyo kwa Dholuo. Volkano inaeleza shimo. Haielezi kwa nini mtu akisimama pale ukingoni anajiuliza yeye mwenyewe aliwahi kumfungia nani mlango.

Ogot, kama muuguzi, alilijua hili kwa mikono yake. Katika The Promised Land, Ochola anavuka kwenda Tanganyika kutafuta ardhi, anastawi, na jirani mwenye wivu anamloga. Ngozi yake inaota vipele kama miiba. Hospitali inashindwa. Mganga anamponya kwa sharti kwamba ahame. Mwandishi aliyefundishwa London angeweza kuupa ugonjwa ule jina la kitabuni, lakini hakulitoa. Wala hakusema kwamba hospitali ni upuuzi, yeye aliyeitumikia. Alionyesha tu kwamba wivu wa jirani ulikuwa sehemu ya ugonjwa, na sehemu hiyo haikuwa na wodi.

Lipo jambo jingine ambalo sijaona likitajwa. Hadithi hii ya ukame ilichapishwa wakati nchi imelowa. Mvua za mwishoni mwa 1961, ambazo watu waliziita mvua za Uhuru, zilileta mafuriko, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Maji yaliingia mashambani bila kuombwa na mganga yeyote. Sina ushahidi kwamba Ogot aliyawaza alipoandika. Msomaji wa Kisumu wa mwaka 1963, hata hivyo, aliyasoma maneno ya mwisho ya hadithi akijua kwamba mvua huja pia kama msiba, na kwamba haina desturi ya kuuliza tumefanya nini.

Turudi kijijini kwa Labong'o, kwa sababu hadithi inatuondoa huko mapema mno. Tumebaki na wapenzi wawili msituni, tunafurahi nao. Watu waliobaki nyuma hawajui lolote. Walimtuma binti, na mvua imenyesha. Kwa ushahidi walio nao, Ndithi alisema kweli, dubwana limeshiba, na mila imethibitika mbele ya macho ya wote. Ukame mwingine ukija hawatakuwa na shaka hata chembe; watatafuta binti mwingine, na safari hii huenda asiwe na Osinda. Kuokoka kwa Oganda, kwa kuwa ni kwa siri, kumeipa kafara nguvu ambayo hata kifo chake kisingeizidisha. Ili kuivunja angepaswa kurudi, asimame uani kwa baba yake mvua ikimnyeshea, aseme: mimi hapa. Hapo kijiji kingekuwa na mambo mawili ya kuchagua: kukubali kwamba mvua haikuwa na sababu, au kungoja ukame ujao na kumwita yeye sababu.